Kutoka Ifakara hadi Basel: Vidokezo vya Kuhesabu Safari Kabla Hujakata Tiketi

Kati ya Ifakara na mji wa Basel, Uswisi, kuna njia iliyozoeleka kwa miongo mingi. Mwaka 1956 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha Ifakara maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki. Maabara ile ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu enzi hizo watafiti, madaktari, wauguzi na wanafunzi wamekuwa wakipishana angani, hawa wakija bondeni Kilombero na wale wakienda kusoma Basel. Ndiyo maana swali la Basel ni mbali kiasi gani, na mtu hufika baada ya muda gani, huulizwa sana pale mjini. Tatizo ni kwamba wengi hulijibu kwa kutaja saa za ndege peke yake, na mtoto wa watu anajikuta amechelewa Dar es Salaam hata kabla ya kuiona hiyo ndege.

Vidokezo hivi ni vya msafiri na vya mzazi, dada au mjomba anayemsindikiza. Kama unaelekea London au Muscat, badilisha majina na hesabu za angani tu. Sehemu ya kutoka Ifakara hadi Dar inabaki ileile, na ndiyo yenye kazi.

1. Pima kwa uzi kwenye tufe, usipime kwenye ramani ya ukutani

Ramani ya ukutani imelaza bapa dunia iliyo mviringo, kwa hiyo inavuta nchi za kaskazini na kupotosha umbali. Chukua tufe, lile la kufundishia jiografia shuleni, kisha vuta uzi kutoka Ifakara hadi Basel. Hapo unapata njia fupi kuliko zote: karibu kilomita 6,830.

Sasa vuta uzi kutoka Dar es Salaam hadi Basel. Utapata karibu kilomita 6,810. Ndiyo, tofauti ni kama kilomita 20 tu! Ifakara iko kusini zaidi ya Dar, lakini pia iko magharibi zaidi, na Basel iko kaskazini-magharibi yetu. Kinachoongezeka upande mmoja kinapungua upande mwingine. Kwa hiyo ukitoka Ifakara alfajiri na kushuka stendi ya Mbezi, Dar, mchana na vumbi lako, Basel iko mbali vilevile kama ulivyoamka. Siku nzima umeitumia kuufikia uwanja wa ndege. Nataka msomaji alishike hili kabla ya mengine yote, kwa sababu ratiba nyingi za safari huharibika kwa kuiona siku hiyo kama kitu kidogo.

Ukikuta umbali umeandikwa kwa maili, uliza ni maili zipi. Maili ya anga na bahari ni kilomita 1.852, ya nchi kavu ni kilomita 1.609. Kwenye safari ndefu kama hii, kuzichanganya kunakupoteza kwa mamia ya kilomita.

2. Usigawanye kilomita kwa mwendo wa ndege ukafunga daftari

Ndege kubwa ya abiria hukata kama kilomita 850 hadi 900 kwa saa ikiwa juu. Gawanya, utapata kama saa nane kasoro. Ongeza nusu saa hivi ya kutembea ardhini, kupanda na kushuka. Hesabu nzuri kabisa, ila haipo kwenye tiketi yoyote, kwa sababu ndege haifuati uzi wako.

Mstari wa Dar hadi Basel unakatiza katikati ya Sudan, karibu na mji wa El Obeid, kisha unaingia Libya. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023 anga lake lilifungwa kwa ndege za abiria, na mashirika yakalazimika kuzunguka. Mzunguko huo unakula mafuta, na unakula muda wako. Ukiona safari mbili za miji ileile zimeandikiwa saa tofauti, usidhani kuna aliyekosea: njia ya angani hubadilika kwa vita, kwa upepo na kwa foleni za kutua.

3. Angalia kona ya kituo cha kubadilishia ndege

Kutoka Dar kwenda Basel utabadilisha ndege mahali. Kila kituo kina kona yake. Istanbul iko karibu na mstari: Dar hadi Istanbul ni kama kilomita 5,460, na kutoka hapo hadi Basel kama 1,820, jumla 7,280. Amsterdam inakupitisha mbele kisha inakurudisha nyuma: 7,350 kwenda, kisha kama 560 kushuka Basel. Doha inakupeleka mashariki kwanza, kilomita 3,820, halafu ndiyo ugeuke kwenda Zurich (tutaifikia kwenye kidokezo cha 9) kilomita nyingine 4,500, jumla zaidi ya 8,300. Addis Ababa iko moja kwa moja kaskazini ya Dar, kilomita 1,760, kwa hiyo mguu wa kwanza ni mfupi na wa pili ndio mrefu.

Je, uchague kona ndogo? Si lazima. Kilomita 1,000 za ziada angani ni saa moja na dakika chache. Kusubiri kituoni kunaweza kuwa saa mbili au saa kumi na nne. Mimi huanza kuangalia muda wa kusubiri, kisha bei, na kona naiangalia mwisho. Kusubiri saa tatu ni kuzuri: unanyoosha miguu, unaswali au unasali, unakunywa chai, unaenda. Chini ya saa moja na nusu kwenye uwanja mkubwa ni kujitafutia mbio, hasa kwa anayesafiri mara ya kwanza.

4. Soma saa ya tiketi kwa makini, hasa ikianza na sifuri

Hapa ndipo watu hukosa ndege wakiwa wamefika mjini mapema kabisa. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Ikiandikwa 03:15, hiyo ni saa tisa na robo usiku, wakati jogoo bado kalala. Ikiandikwa 17:40 ni saa kumi na moja na dakika arobaini jioni.

Hatari kubwa ni saa za baada ya usiku wa manane. Tiketi ya Jumanne 00:40 ina maana unakwenda uwanjani Jumatatu jioni. Msafiri akisema “nasafiri Jumanne usiku”, familia nzima itajiandaa Jumanne, na ndege itakuwa imeshaondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Andika kwenye karatasi kwa maneno ya nyumbani, “Jumatatu saa mbili usiku niwe uwanjani”, ubandike ukutani, na umtumie anayekupokea Dar.

Jambo la pili: saa ya kuondoka ni ya Dar, saa ya kufika ni ya huko unakoshuka. Uswisi na Uholanzi ziko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi chao. Hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tuseme tiketi ya Januari inaonyesha kuondoka Dar 23:30 na kufika Amsterdam 07:00. Ukitoa tu, unapata saa saba na nusu, unafurahi. Lakini 07:00 ya Amsterdam ni saa tatu asubuhi hapa kwetu. Muda halisi ndani ya ndege ni saa tisa na nusu. Wakati wa kurudi mambo yanageuka, safari itaonekana ndefu kwenye karatasi kuliko ilivyo.

5. Ipe barabara heshima yake

Ifakara ina kiwanja cha ndege, na ndege ndogo hutua. Kwa mstari ulionyooka Dar iko kilomita 310 tu, kwa hiyo ndege ndogo ya kukodi hutumia kama saa moja na kidogo, ikipita juu ya upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Anayeimudu aimudu. Wengi wetu tunaanzia stendi.

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400: Ifakara, Mang'ula, Kidatu, Mikumi, Morogoro, Chalinze, Dar. Kipande cha Ifakara hadi Kidatu, kilomita 66.9, ndicho kilichokuwa kikitesa watu. Masika yakifika, dereva alikuwa haahidi chochote. Sasa kimewekwa lami, na Mto Ruaha unavukwa kwa daraja jipya. Wanaotoka Mahenge na Malinyi nao wana Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero, lililozinduliwa 2018. Kabla ya hapo kila safari ya ng'ambo ilitegemea kivuko, na mto ukifura mtu alikaa ukingoni na mzigo wake.

Hata hivyo lami haijaondoa kila kitu. Milima ya Udzungwa ikiwa mkono wako wa kushoto, basi linasimama Mang'ula, linasimama Mkula, linasimama Sanje. Msimu wa miwa, kuanzia mwanzo wa kiangazi, trekta za miwa na matela yake huingia barabarani karibu na Kidatu, na huwezi kulipita tela kila unapotaka. Ukiingia Mikumi kuna kama kilomita 50 ndani ya hifadhi: matuta, mwendo wa kudhibitiwa, na kibao kinachoorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa, twiga hadi ngiri. Dereva anapunguza, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha Morogoro, kisha malori ya Chalinze na Mlandizi, kisha foleni ya Kibaha hadi Mbezi.

Basi linalotumia saa saba siku njema hutumia saa tisa siku mbaya. Weka tisa kwenye hesabu yako. Ukilinganisha, ni karibu muda uleule ambao ndege hutumia kutoka Dar hadi Amsterdam.

6. Fikiria treni ya umeme kuanzia Morogoro

Tangu katikati ya 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro, na safari huwa chini ya saa mbili. Unashuka basi Msamvu, unachukua bajaji hadi stesheni ya Kihonda, na foleni yote ya Kibaha unaiacha nyuma. Ukipata treni inayosimama Pugu ni bora zaidi, maana Pugu iko upande uleule wa uwanja wa ndege, barabara ya Nyerere. Kata tiketi mapema, beba kitambulisho, na acha nafasi ya kutosha kati ya basi na treni.

Treni ya TAZARA inapita Ifakara yenyewe, na ni safari ninayoipenda kwa moyo wote, ukiona mbuga kwa dirisha pale Kisaki. Lakini usiipange siku moja na ndege. Ipande ukiwa huna haraka.

7. Lala Dar

Kama kuna kidokezo kimoja cha kufuata bila kujadiliana, ni hiki. Safiri siku moja kabla, ulale kwa ndugu au nyumba ya wageni upande wa Kipawa, Segerea au Gongo la Mboto, usilale ng'ambo ya mji. Gharama ya usiku mmoja ni ndogo mno mbele ya tiketi iliyopotea.

Ukishuka Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi, usiende mjini ndipo urudi uwanjani. Pita Malamba Mawili, Kinyerezi, utokee Banana. Hapo Uwanja wa Julius Nyerere uko jirani. Ndege za nje huondokea Jengo la Tatu la Abiria, lililofunguliwa Agosti 2019. Mwambie dereva “Jengo la Tatu” tangu mwanzo, asikushushe kwenye ndege za ndani. Fika saa tatu kabla. Dirisha la kukabidhi mizigo kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, na likifungwa limefungwa.

8. Tiketi moja, kuanzia Dar hadi mwisho

Ndege mbili kwenye tiketi moja maana yake ni kwamba ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine, na begi lako linaandikiwa hadi mwisho wa safari. Tiketi mbili ulizounganisha mwenyewe kwa kuona ni nafuu zinakuacha peke yako. Wakati wa kukabidhi begi soma kikaratasi wanachokifunga: lazima kiwe na alama za uwanja wa mwisho, BSL (Basel) au ZRH (Zurich), sio za kituo cha kati.

Ukipitia Amsterdam utahojiwa na uhamiaji hapohapo, kwa sababu Uholanzi na Uswisi zote ziko kwenye eneo la Schengen. Ukipitia Istanbul au Doha utahojiwa Uswisi. Vyovyote iwavyo, barua ya chuo, anwani ya unakofikia na uthibitisho wa fedha viwe kwenye begi la mkononi.

9. Basel au Zurich?

Uwanja wa Basel una jambo la pekee: uko kwenye ardhi ya Ufaransa, na unatumiwa na nchi mbili kwa mkataba wa 1949. Ukishachukua begi kuna mlango wa Uswisi na mlango wa Ufaransa. Toka mlango wa Uswisi, panda basi namba 50, na baada ya kama dakika 20 uko stesheni kuu ya Basel. Ukitokea upande wa Ufaransa hujapotea, ila utazunguka na mabegi.

Zurich ina ndege nyingi zaidi, na kutoka uwanjani kuna treni inayokufikisha Basel kwa saa moja na robo hivi. Ndege ya Zurich yenye kusubiri kufupi mara nyingi hukufikisha mapema kuliko ile ya Basel yenyewe. Na kama unakwenda kwenye taasisi yao ya tiba za kitropiki, usifuate anwani ya zamani ya katikati ya mji. Tangu 2022 wako Allschwil, pembeni mwa Basel.

10. Usihofie kuchanganyikiwa kwa usingizi

Tofauti ya saa ni moja au mbili tu. Utachoka kwa kukaa, mwili hautageuza usiku kuwa mchana kama kwa anayekwenda Marekani. Kunywa maji, inuka utembee ndani ya ndege kila baada ya muda.

11. Mchele ndiyo, nyama hapana

Kila anayetoka Kilombero hupewa mchele wa zawadi. Pima begi Ifakara, kwenye mizani ya duka la nafaka, si uwanjani. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia, hata vikiwa vimekaushwa, na maembe mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea. Yaache.

12. Safari ni fupi kuliko malaria

Jumlisha kila kitu: barabara, kulala Dar, kusubiri, ndege mbili, treni. Unapata siku mbili. Vimelea vya malaria kali huchukua kwa kawaida wiki moja hadi mbili tangu kuumwa na mbu hadi homa kuanza, mara nyingine zaidi. Mtu anaweza kuondoka Ifakara mzima wa afya, akafika, akaandikishwa chuoni, kisha homa ikampanda akiwa kwenye baridi na kila mtu akidhani ni mafua.

Ukipata homa ndani ya miezi ya mwanzo, nenda hospitali siku hiyohiyo na sentensi yako ya kwanza iwe: nimetoka bonde la Kilombero, Tanzania, naomba nipimwe malaria. Usisubiri daktari akuulize. Hospitali zao huona malaria kwa nadra, na saa zinazopotea ndizo hatari.

13. Panga na kurudi

Ndege nyingi kutoka Ulaya hufika Dar usiku, na mabasi ya Ifakara huanza alfajiri. Kwa hiyo tenga tena usiku mmoja wa Dar, na fedha za Kitanzania za nauli usizibadilishe zote unapoondoka.

Ukishakaa nje mwaka au zaidi, kinga uliyojijengea utotoni dhidi ya malaria inakuwa imeshuka. Ndugu watakuambia wewe ni mwenyeji, mbu wanakujua. Wasikilize kwa heshima, kisha ulale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe.